Waasi na Wenye Nyumba Wao

Katika begi la kamera, chini ya betri na nyaya, kulikuwa na mfuko wa nailoni uliohifadhi leseni. Tulipofika Namanga, binti anayeongoza kipindi cha mtandaoni tulichosafiri nacho aliupapasa mfuko huo kwanza, pasipoti baadaye. Ana sababu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka Tanzania mwaka 2018, kila mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alitakiwa kujisajili, na ada za maombi, za leseni na za mwaka zikijumlishwa zilipita shilingi milioni 2. Wengi walifungasha virago. Yeye alichangisha shangazi zake, akalipa, na tangu siku hiyo anaitunza ile karatasi kama hati ya kiwanja.

Mkaguzi wa upande wa Kenya aliuliza kamera ni za nini. Alipoambiwa ni za kuhoji wachoraji, washairi na watu wenye midomo mirefu, alicheka mpaka akaweka muhuri wake mezani. Kwao, alisema, hata mama mboga ana chaneli yake, na hakuna aliyemuuliza leseni.

Kipindi chao huwaita wale ambao redio kubwa huogopa kuwaita: wachora vibonzo, waandishi waliopigwa marufuku, wahadhiri waliochoka kunyamaza. Yuko binti, mpiga picha, na kijana wa sauti ambaye katika safari nzima sikumsikia akitoa maoni ila juu ya kelele za jenereta. Mimi nilipewa nafasi ya nne garini kwa sharti la kutokaa mbele ya kamera.

Baada ya Kajiado nchi hufunguka, majani makavu na mbuzi, kisha vumbi jeupe la viwanda vya saruji vya Athi River, na ghafla umeingia jijini. Nairobi ya Julai ina mbingu ya kijivu isiyonyesha wala kufunguka. Watu wa Dar es Salaam walivaa kila walichokuwa nacho. Nje ya dirisha matatu zilipita na sura za wanamuziki na wanasiasa zilizochorwa ubavuni, muziki ukitikisa vioo. Daladala zetu huandika aya na majina ya watoto wa mwenye gari. Huku gari la abiria ni jumba la maonyesho lenye magurudumu, na abiria huacha gari tupu lipite ili apande lililochorwa vizuri.

Mchoraji wa kwanza alikuwa Kilimani, ndani ya kontena. Ni mojawapo ya makontena yaliyogeuzwa karakana katika uwanja wa Kuona, taasisi iliyoanza mwaka 1995 kwenye viwanja vya makumbusho ya taifa na ambayo baadaye wasanii wenyewe walianza kuiendesha kwa ushirika. Ukutani aliegemeza turubai la karamu ya harusi ambayo wageni wote ni wabunge, wamevimba mashavu, na bwana harusi anatazama sahani tupu. Kuna picha nyingine za aina hiyo Nairobi. Michael Soi alijipatia jina kwa mfululizo wake kuhusu mapenzi ya China kwa Afrika, ambamo adabu haionekani popote. Mji huu umezoea kujiona ukichekwa.

Binti aliuliza swali analoliuliza kila mahali: unaogopa nini? Alitarajia polisi, nadhani. Miezi mingi Nairobi ilikuwa imejaa habari za vijana waliochukuliwa usiku. Mchoraji aliinua kidole akaonyesha juu ya paa la kontena, ambako ghorofa jipya lilikuwa likipanda, na lingine nyuma yake, na winchi ya tatu upande wa barabara.

"Hiyo," alisema. "Polisi akija ataenda. Hiyo ikija haiendi."

Kisha akazungumza juu ya kodi kwa muda mrefu kuliko alivyozungumza juu ya serikali. Tarehe tano ya kila mwezi, siku ambayo wapangaji wengi wa Nairobi hutakiwa wawe wamelipa, ilitajwa mara nyingi kuliko rais. Mpiga picha alinitazama, kwa kuwa hiyo haikuwa sehemu ya maswali yaliyoandikwa. Mimi niliona mada ya safari nzima imejitokeza bila kuitwa.

Ukiifuata sanaa korofi ya Nairobi utajikuta unafuata historia ya viwanja. Mwaka 1965 kundi la wasanii na waandishi lilifungua jumba la sanaa la Paa ya Paa, na kati yao alikuwa Elimo Njau, Mtanzania wa Marangu, aliyekwisha kuchora katika kanisa kuu la Murang'a picha za maisha ya Yesu, na Yesu huyo ni Mwafrika mweusi katika mandhari ya Mlima Kenya. Kwa miaka ile hilo lilikuwa jambo la kuvunja meza. Paa ya Paa ilihamia nje ya mji, Ridgeways, ikaungua mwaka 1997, na kazi nyingi zikaishia kwenye majivu. Mwaka 2003 ghala la magari katika eneo la viwanda liligeuzwa kuwa kituo cha sanaa cha GoDown. Wacheza ngoma, wachoraji na wanamuziki wakawa majirani wa mafundi wa kulehemu, mpaka ghala nalo likabomolewa kupisha jengo jipya. Mwaka uo huo wa 2003 Binyavanga Wainaina na wenzake walianzisha jarida la Kwani?, lililozaliwa katika mazungumzo ya bustanini nyumbani kwa rafiki. Ndiyo, bustani. Mtu alikuwa na bustani, na bila hiyo hakuna jarida.

Binyavanga mwenyewe ndiye babu wa vipindi vya namna hii. Januari 2014, alipotangaza kwa maandishi kwamba yeye ni shoga, siku chache baadaye aliweka pia YouTube video za sehemu sita, akizungumza moja kwa moja na kamera, bila mhariri wala matangazo ya sabuni. Alizungumzia shule, makanisa, woga wa watu wa tabaka la kati. Alifariki Mei 2019. Vijana wawili niliowauliza Nairobi walizijua video kabla ya vitabu vyake, na mmoja hakujua kwamba kuna vitabu.

Nilimtafuta mchora vibonzo Gado katika kila mazungumzo, kwa kuwa ni wetu: Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye tangu miaka ya tisini aliwachora viongozi wa Kenya kwa ukatili wa kupendeza. Kipindi chake cha vikaragosi vya mpira, The XYZ Show, kilianza kurushwa mwaka 2009 kwa mfano wa kile cha Wafaransa, na wanasiasa ambao hawakupata kikaragosi walijiona wamesahauliwa. Njau na Gado, mmoja brashi na mwingine kalamu, wote wametoka kwetu na kuchanua kwa jirani. Binti alipolisema hilo mbele ya kamera, mwenyeji wetu alijibu kwa upole kwamba Wakenya hawawashikilii, na kwamba pengine nyumbani kwao hawakuwekewa kiti.

Jibu hilo halikuwa la haki kabisa. Dar es Salaam ina kituo cha sanaa cha Nafasi, kule Mikocheni kwenye karakana ndogo za viwanda, tangu 2008. Ina mkahawa wa vitabu wa Soma, ambako unaweza kunywa chai na kubishana juu ya riwaya. Ina Walter Bgoya, aliyeongoza Tanzania Publishing House tangu 1972, enzi ambazo wapigania uhuru na wasomi wa bara zima walipita katika ofisi yake, kisha akaanzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991. Ina pia Nay wa Mitego, aliyekamatwa Machi 2017 kwa ajili ya wimbo "Wapo", akaachiwa baada ya rais mwenyewe kusema aachiwe na wimbo upigwe. Wenyeji wetu waliipenda hadithi hiyo, nao waliielewa kwa namna tofauti na sisi: kwetu ilikuwa habari ya msanii aliyepona, kwao ilikuwa habari ya nchi ambamo mtu mmoja anaweza kufunga mlango na kuufungua.

Jioni tulikula mutura kando ya barabara, utumbo uliojazwa nyama na damu ukikatwa juu ya ubao, chumvi na pilipili pembeni. Kijana wa sauti, Mwislamu wa Temeke, alishika kikombe cha mchuzi wa mifupa baada ya kuulizia mara tatu umetoka wapi. Karibu yetu walisimama waandishi wawili wa kike na mwanasheria mmoja, na hapo tulihojiwa sisi. Walitaka kujua habari za Mei 2025, Boniface Mwangi, mpigapicha na mwanaharakati wao, alipokamatwa Dar es Salaam pamoja na Agather Atuhaire wa Uganda. Wawili hao walikuwa wamekwenda kufuatilia kesi ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu. Wote wawili waliachwa mipakani, na wote wawili walisema waliteswa. Binti wa kipindi, ambaye kazi yake ni kuuliza, aliulizwa: na wewe, ukirudi, hili utalirusha? Alitafuna mutura polepole. Alisema ana leseni. Hakuna aliyecheka, na mwanasheria akaagiza raundi nyingine ya mchuzi.

Limuru ni mwendo mfupi, na baridi yake ni nyingine. Ukungu ulilala juu ya chai mpaka saa nne asubuhi. Tulikuja kwa ajili ya Kamĩrĩĩthũ, kijiji kilicho jirani na kiwanda cha viatu cha Bata, ambako mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amefariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, na watu walimzungumzia bado kwa wakati uliopo.

Mzee tuliyeelekezwa kwake alikuwa kijana wa kubeba nguzo wakati ule. Binti alimpa shikamoo, naye akakaa kimya kidogo kabla ya kuitikia marahaba, kwa kuwa salamu hiyo huku huijua zaidi watoto wa shule kuliko wazee. Baada ya hapo alimwita "mwanangu" na akamruhusu kila kitu isipokuwa taa ya kamera.

Alichosimulia kinajulikana vitabuni, lakini yeye alikisimulia kwa mikono. Wanakijiji walisahihisha maandishi: ajuza mmoja alikataa wimbo kwa kuwa haukuwa ukiimbwa hivyo, na waliowahi kuwa msituni walionyesha jinsi bunduki za kujitengenezea zilivyoundwa ili zile za jukwaani zisiwe za uongo. Tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, waliyoiandika Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilianza Oktoba 1977. Katikati ya Novemba serikali ilifuta kibali. Siku ya mwisho ya Desemba Ngũgĩ alichukuliwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi, na katika gereza la Kamiti aliandika riwaya juu ya karatasi za chooni.

Kisha ikaja 1982. Kundi hilohilo lilizuiwa kucheza mchezo mwingine katika ukumbi wa taifa jijini, na askari wakatumwa Kamĩrĩĩthũ kuubomoa ukumbi. Mzee alinyoosha kidole kuonyesha mipaka: hapa viti, pale jukwaa. Watu wapatao elfu mbili waliweza kukaa. Ngũgĩ alitoka kizuizini akaandika vitabu vingine vingi. Ukumbi haukujengwa tena. Nadhani waliotoa amri ile waliijua sanaa vizuri kuliko sisi tunaoandika makala: mwandishi ukimfunga anapata wasomaji, lakini jukwaa ukilisawazisha na ardhi, watu mia tano waliokutana kila Jumapili wanarudi kuwa watu mia tano kila mmoja nyumbani kwake.

Binti hakukubali. Alisema hayo ni ya zamani, sasa ukumbi ni mtandao na mtandao hauna mwenye nyumba. Alikuwa na ushahidi mzuri. Juni 2024 vijana wa Kenya waliujadili muswada wa fedha kwenye simu, wakautafsiri kwa lugha za makwao, na tarehe 25 wakaingia Bungeni. Kesho yake rais akatangaza hatautia saini, ingawa wengi walikwisha kufa kwa risasi. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walipeleka tamthilia ya Echoes of War kwenye mashindano ya kitaifa Nakuru. Polisi walirusha mabomu ya machozi kuwatawanya waliotaka kuitazama, wasichana wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani. Waliouona wimbo ule kwenye simu ni wengi kuliko ambao wangeingia ukumbini.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza huo ukumbi wa simuni, ufunguo wake anao nani.

Tulijibizana njiani jambo hilo mpaka Nakuru, na mimi nilikuwa upande wa mzee. Tangu Mei 2025 mtandao wa X ulikuwa haufunguki Tanzania bila VPN. Uganda, tulikokuwa tunaelekea, Facebook ilifungwa Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na hata tulipofika ilikuwa bado. Kipindi chenyewe kinakaa kwenye seva za kampuni ya Marekani ambayo siku moja ilikiondoa kipande kizima, ikatuma barua ya mistari miwili, ikakirudisha bila barua. Mwenye nyumba yupo. Binti hajawahi kumwona, ndiyo tofauti.

Kampala ilitupokea kwa joto, vilima na kalooli, wale korongo wakubwa wenye mfuko shingoni, waliosimama juu ya taa za barabarani wakitazama magari kwa dharau. Kila mtu alikula rolex, chapati iliyoviringwa na mayai, ikikaangwa mbele yako. Kwetu mayai huenda na chipsi, na kijana wa sauti alisema kwa mara ya kwanza jambo lisilohusu jenereta: kwamba Dar es Salaam imechelewa.

Mji huu ulikuwa ukumbi wa wote zamani. Hapa Rajat Neogy alianzisha jarida la Transition mwaka 1961. Hapa, Makerere, Juni 1962, walikutana Achebe, Soyinka na Ngũgĩ aliyekuwa bado mwanafunzi. Miaka sita baadaye Neogy alitiwa ndani na serikali ya Obote, pamoja na mbunge Abu Mayanja aliyethubutu kuandika barua katika jarida hilo. Kizazi cha sasa kimepita njia hiyohiyo. Stella Nyanzi alihukumiwa miezi 18 mwaka 2019 kwa shairi aliloliweka Facebook kuhusu rais na mama yake, akatoka Februari 2020 na mashairi ya gerezani yaliyokuwa kitabu. Kakwenza Rukirabashaija alikamatwa kwa riwaya, akakamatwa tena kwa maneno ya Twitter, akaonyesha makovu mgongoni. Wote wawili wako Ujerumani tangu 2022. Orodha ya watu ambao binti alitaka kuwahoji Kampala, kwa sehemu kubwa, ilikuwa orodha ya namba za simu za Ulaya.

Aliyebaki alikuwa mshairi wa Kamwokya, mwanamke wa makamo aliyekulia Tororo na kujifunza Kiswahili kwa madereva wa malori wa Malaba, kikavu na chenye matusi mazuri. Tulipokaa kwenye veranda alisema mambo ambayo mpiga picha aliyasikiliza akitazama geti. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha sheria kilichotumika kuwafunga watu kwa "mawasiliano ya kuudhi", lakini marekebisho ya miezi michache kabla yake yalikuwa yameleta makosa mapya, na yeye aliyajua yote kwa namba. Katikati ya sentensi kali juu ya ikulu, ssenga yake, shangazi wa upande wa baba, alitokea na luwombo ya kuku ndani ya majani ya mgomba. Mshairi aliweka maikrofoni chini, akapiga magoti sakafuni, akamsalimu kwa sauti ndogo ya msichana, akangoja aitikiwe. Kisha akainuka na kumalizia sentensi.

Binti alitaka kumuuliza juu ya magoti hayo, kamera ikiwa imewashwa. Mshairi alimkatiza. Nyumba ni ya ssenga, alisema, veranda ni ya ssenga, na kuku pia.

Mahojiano ya mwisho yalikuwa Ntinda, kwenye gereji ambamo mwanasheria aliyeacha uwakili huendesha mabishano ya vitabu kila Alhamisi usiku. Viti vya plastiki, rafu ya vitabu iliyolowa pembe moja, gari la mwenye nyumba limesukumwa nje kupisha watu. Alizungumza kwa saa mbili. Hakupunguza makali juu ya rais, juu ya mwanawe, juu ya maaskofu wala juu ya wapinzani. Njiani aligusia pia choo cha pale kilichovuja tangu Krismasi na mwenye nyumba ambaye hupandisha kodi kila anaposikia makofi.

Binti huwapa wageni nafasi ya kutazama picha kabla hazijarushwa, wakitaka kuondoa kitu waondoe. Yule bwana aliitazama yote kwenye kompyuta ndogo, akisogeza midomo. Akasema vizuri sana, yote ibaki, ila kuna sehemu moja inayoweza kumletea taabu.

Binti alisogeza nyuma mpaka kwa rais.

"Hapana," alisema. "Mbele zaidi. Pale kwenye choo."